Mafiga ya Bibi Waisiko

Mama mdogo Agustina hakuwa mtu wa kuona vitu. Katika ukoo wetu wanaoona wapo. Yuko shangazi aliyekutana na paka mwenye uso wa padri, na yuko mjomba anayefuatwa na kivuli cha pili kila anapotoka kilabuni, hasa akiwa amekaa sana. Mama mdogo aliwacheka wote. Yeye alikuwa mpishi, na mpishi, alisema, hana nafasi ya majini: ukigeuka kumtazama jini, huku nyuma uji unafurika. Kwa hiyo aliponisimulia habari hii niliacha nilichokuwa nikifanya. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuoni Mlimani, nina jina la kitaalamu kwa kila hofu ya kijijini, na nilitaka sana kumkatiza. Alisimulia mara moja tu, akichambua maharage kwenye ungo, bila kupandisha sauti.

Ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu walipotolewa kwenye miji yao ya zamani na kupangwa kando ya barabara kama viti vya mkutano, ili maendeleo yasipate shida ya kuwatafuta. Ulikuwa pia mwaka wa njaa. Mahindi ya msaada yalikuwa ya njano, watu wakayaita Yanga, na hata hayo Yanga hayakutosha.

Mama mdogo alikuwa mjamzito. Hilo nawaomba mlishike. Alikuwa na mimba iliyokwisha anza kucheza, na zote zilizotangulia ziliharibika. Mumewe, Filemoni, alikuwa anatandika vitanda kwenye kambi ya watalii upande wa Natta, akiwahudumia wazungu waliolipa ili walale porini, jambo ambalo watu wa Natta wamekuwa wakilifanya bure tangu enzi. Nyumbani mama mdogo alibaki na mama mkwe. Na mama mkwe alikwisha sema, kwa ule upole wa kisu kilichonolewa, "Hii nayo ikitoka, mwanangu, usije ukanilaumu. Nyumba haikai bila mtoto." Kulikuwa na binti wa jirani ambaye siku hizo alianza kuulizwa sana na mama mkwe hali ya wazazi wake.

Basi iliposikika kwamba kundi la wapimaji linatafuta mpishi wa kwenda nalo kambini, mama mdogo hakuuliza mshahara. Aliuliza kama kuna chakula. Kilikuwepo: gunia la Yanga, maharage, dagaa wa Musoma, vitunguu, chumvi. Akafunga kanga yake ya pili akapanda gari.

Waliondoka Mugumu asubuhi, jua zuri, Landrova ikinguruma kama ng'ombe aliyeshiba. Mbele alikaa Joram, mpimaji, kijana mwenye suti ya Kaunda iliyopigwa pasi na mdomo uliojaa "kwa mujibu wa ramani." Alikuwa anasema kwa mujibu wa ramani hata akiomba maji. Dereva alikuwa Swaleh, mzaliwa wa Mugumu ambaye babu yake alifika huko kutoka pwani akiuza shanga. Mtu wa maneno mengi, asiyekula nyama asiyomjua mchinjaji wake. Nyuma, juu ya magunia, alikaa Waitara, mgambo, Mkurya wa Nyanungu, mrefu na mkimya, aliyepewa kazi ya kulinda vyombo. Walipofika Ringwani walichukua vibarua wawili wa kuvuta mnyororo wa kupimia.

Kwenye korongo moja sufuria ndogo iliruka, na gurudumu la nyuma likaipitia. Ikabaki ile kubwa tu, ya masikio mawili, waliyoazima shuleni.

"Sasa tutakula nini?" Joram aliuliza, akiitazama ile bapa barabarani.

"Mtakula kitakachoingia humo," mama mdogo akamjibu. "Vyote pamoja. Kwani tumboni vinapangiwa vyumba?"

Swaleh alicheka hadi akakosa gia. "Shemeji, wewe ndiye mjamaa wa kweli! Mahindi, maharage, dagaa, wote kijiji kimoja. Na asiyetaka?"

"Analetewa lori."

Wakacheka wote, hata Joram, aliyekuwa hapendi utani wa namna hiyo. Waitara hakucheka. Alikuwa ameanza kuitambua njia.

Mahali walipotakiwa kupima palikuwa mbuga tupu ya udongo mweusi. Kijiji kipya kilikuwa kando ya barabara. Huku kulikohamwa kungekuwa shamba la pamoja, la bega kwa bega. Katikati kulikuwa na mji mmoja uliosalia na ua wake wa minyaa. Nyumba ziliezuliwa paa ili wenyewe wasiwe na pa kurudi. Jiko lilibaki kuta tu, za kimo cha kifua, na humo ndani mafiga matatu yalikuwa mahali pake, meusi, laini kwa miaka ya kupikiwa, na majivu katikati yake.

"Safi," Joram akasema. "Jiko tayari. Kambi iwe hapa."

Mama mdogo alisimama mlangoni. Kwao, mwanamke anapohama huyalaza mafiga yake. Huyapindua moja moja, uso uliokuwa ukitazama moto unaelekezwa ardhini, anayamwagia maji, anashukuru. Ndivyo jiko linavyojua kwamba kazi imekwisha. Haya yalikuwa wima.

"Mwenye mafiga haya hakuyalaza," alisema.

"Hakuwa na muda," Waitara akajibu, kisha akaenda kushusha magunia kana kwamba hakusema kitu.

Angeweza kukataa. Lakini mbuga ile haina mawe. Unaweza kutembea kutwa usipate jiwe la kumtupia kunguru. Alikuwa na njaa, na mtoto alikuwa na njaa, na mwanamke mwenye mimba akiambiwa achague kati ya adabu na chakula, hachukui muda mrefu. Alisema kwa sauti, "Mwenye jiko, naazima," akapiga magoti na kuanza kuyatoa majivu kwa mikono.

Yalikuwa ya vuguvugu.

"Jua," Joram akamwambia.

Pengine. Ila alivyozidi kuchimba, ya chini yalikuwa na moto kuliko ya juu.

Alipika kande. Kande ya kambini haina ufundi mkubwa, ina subira tu. Unatanguliza mahindi, maana Yanga ni magumu kama kokoto. Yakianza kulainika unatia maharage. Vitunguu na dagaa baadaye. Chumvi mwisho kabisa, kwa kuwa ukiitia mapema maharage yanakaza roho. Unafunika, unavuta ukuni, unasukuma ukuni. Kazi ya kukaa. Alikaa, mgongo ukutani, mtoto akicheza tumboni kila sufuria ilipotokota.

Alasiri wale vibarua wa Ringwani walirudi kwa ajili ya chakula. Mmoja alipoona moshi unatokea wapi, aliuweka mnyororo chini.

"Mama, umepika wapi?"

"Jikoni."

Walitazamana. Sahani walizokwisha pewa walizifunika chini, kifudifudi, polepole, kama watu wanaofunika kitu kinacholala. Kisha wakapita kwenye mwanya wa minyaa wakaenda zao. Joram aliwapigia kelele kwamba ni wavivu. Hawakugeuka hata kumtukana, na watu wa Ringwani hawana kawaida ya kumnyima mtu tusi lake.

Waliobaki walikula. Swaleh, niliyemtafuta miaka baadaye dukani kwake Mugumu kwa sababu sikutaka kuamini mdomo mmoja, aliniambia hajawahi kuonja kande tamu kama ile. Walikula, wakaongeza, wakakwangua. Kisha wakakaa wakiwa wameshika sahani tupu, kila mmoja anaona aibu kuwa wa kwanza.

"Shemeji," Swaleh akasema mwishowe, "umetupikia, au umetuonjesha?"

"Mdomo wako una kina," mama mdogo akamjibu. Lakini naye alikuwa na njaa. Alisema moyoni, ni mimba.

Kesho yake aliongeza mahindi. Kesho kutwa akajaza sufuria hadi kwenye masikio. Walikula kama wachimba mfereji, na walipoinuka njaa iliinuka nao. Haikuwa njaa ya kuuma tumbo, Swaleh alisema. Ilikuwa njaa ya miguu. Huwezi kukaa. Unakaa chini, unasimama, unazunguka gari, unafungua boneti huna unachotafuta. Joram alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake, kisha jingine, kisha akaacha mkanda akafunga kamba. Mstari aliokuwa akiupima kwenda mashariki, kwa mujibu wa ramani, kila alasiri ulimleta kwenye mlango wa jiko.

"Kifaa kimeharibika," alisema.

Wote walikuwa wamesimama pale pale. Hakuna aliyekumbuka ameletwa na nini.

Mama mdogo alipungua mashavu, akapungua mikono. Asubuhi moja, kabla hajawapakulia, alionja. Mpishi huonja kiganjani, tone la mchuzi na punje mbili tatu. Alichukua haragwe moja akalibonyeza kwa vidole.

Lilikuwa ganda tupu. Limetuna, limekaa umbo lake zuri, na ndani hamna kitu. Akabonyeza jingine. Akachukua punje ya mahindi. Zote zilikuwa nzima kwa nje. Zote zilikwisha liwa.

Alimwaga akaanza upya. Safari hii alipika nje, mbali na jiko, juu ya madonge ya kichuguu. Alikaa mbele ya sufuria hakuiacha hata kwenda haja. Hakuna aliyesogea, hakuna kilichogusa kifuniko. Alipoonja, yalikuwa maganda.

Na hapo, amechuchumaa na haragwe tupu kiganjani, ndipo alipogundua kwamba mtoto hajacheza tangu kulipokucha.

Alikwenda kwa Swaleh, aliyekuwa akizunguka gari.

"Nipeleke Mugumu."

"Shemeji, petroli haifiki hata nusu ya njia. Gari la kuleta mafuta lilikuwa lije tangu juzi." Kisha akaona uso wake, akashusha sauti. "Ni mtoto?"

Alitazama njia ya Mugumu.

"Kwa miguu hutafika," Swaleh akanong'ona. "Hali hiyo, na simba hawa. Subiri. Litakuja."

Aliweka mkono tumboni akasubiri. Hakuna kitu. Kulikuwa na utulivu mle ndani, utulivu alioufahamu kutokana na zile mimba za nyuma. Alimwona kwa mawazo mama mkwe wake amekaa mlangoni, amekunja mikono, uso umejaa huruma. Aliniambia kwamba huruma ile ilimtisha kuliko jiko.

Waitara alikuwa anapasua kuni nyuma ya minyaa. Alikuwa anapasua tangu asubuhi. Kuni zilizokuwa pale zingetosha harusi.

"Mura," mama mdogo akamwita, kama Wakurya wanavyomwita kijana. "Nani alikuwa anapika hapa?"

Shoka likasimama.

"Nakuuliza. Njia uliijua. Jikoni hujaingia hata siku moja, unapokelea sahani mlangoni. Nani?"

"Bibi Waisiko," akasema. "Mjane."

"Yuko wapi?"

"Tulimkuta anapika. Kande. Lori linanguruma pale, tumechelewa, kiongozi wetu anapiga kelele. Bibi akasema, ngojeni iive, nile kwanza. Mimi mzee, safari ni ndefu." Alilitazama shoka. "Hakukataa kuhama. Alisema tu, nile kwanza."

"Na ninyi?"

"Mimi ndiye niliyekipiga chungu teke."

Mama mdogo alifukuza nzi usoni.

"Kijijini alifika?"

"Alifia njiani. Nilikaa karibu naye humo ndani ya lori. Alikuwa anatafuna, Mama. Mdomoni hamna kitu, lakini anatafuna." Waitara alishusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Amekata roho, bado anatafuna."

Hapa mimi, msomi, nilimkatiza mama mdogo. Nilimweleza kuhusu majuto, na jinsi kundi la watu wenye njaa linavyoweza kuambukizana wazo moja. Alinisikiliza hadi mwisho. Akapuliza makapi ya maharage kutoka kwenye ungo. "Sawa," akasema. "Sasa niendelee, au unaendelea wewe?"

Asubuhi iliyofuata alikusanya chakula chote kilichobaki. Alikung'uta gunia. Alikung'uta pembe za gunia. Akaiosha sufuria kwa majivu na mchanga mpaka ikang'aa, akairudisha kwenye mafiga yale yale, ndani ya jiko, akawasha moto. Kisha akasimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Leo siwapikii ninyi," alisema. "Namalizia ya mwenyewe. Itaiva, atakula kwanza, atakula ashibe. Kikibaki tutakula. Kisipobaki basi."

Swaleh alisema bismillahi akakaa chini. Waitara alileta kuni, akaziweka kizingitini, akasimama pembeni ya mlango, mgongo ukutani.

Joram hakukaa. Nisimseme vibaya, hakuwa mjinga, alikuwa na njaa, na nyuma ya njaa alikuwa na ofisi iliyomtuma kupima shamba, na shamba lilikuwa halijapimwa hata upande mmoja. Alizunguka jiko. Alizunguka tena, sahani mkononi.

"Hicho ni chakula cha serikali," alisema. "Hakipewi mizimu. Nitaandika nini?"

"Andika kimeliwa," mama mdogo akajibu.

Jua likapanda. Kande ya Yanga haiharakishwi. Inatokota, inanyamaza, inadai maji, inatokota tena. Harufu ilijaa uani, na wale wanaume watatu, waliokuwa wembamba kama mijiti ya kupimia, waliivuta kwa midomo wazi. Mama mdogo alikuwa na mkono mmoja kwenye mwiko na mwingine tumboni. Kila alipouvuta ukuni alimwambia mtoto kimoyomoyo, bado kidogo. Subiri. Bado kidogo.

Hakuna kilichocheza.

Joram aliacha kuzunguka. Alisimama mlangoni.

"Imeiva," alisema.

"Bado."

"Imeiva!"

Alimpita. Waitara alimdaka shati, shati likachanika, suti ile nzuri ya Kaunda, lakini mkono ulikwisha ingia kwenye sufuria. Alichota kande ya moto kwa kiganja, akatia mdomoni. Walisikia mahindi mabichi yakilia kati ya meno yake. Alimeza. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa kuungua, naye alikuwa anatafuna.

Waitara alimvuta nje, akamkalisha, akamwekea mkono mzito begani. "Safari hii tungoje," alimwambia. Taratibu kabisa. "Mura, safari hii tungoje."

Jua lilipofika utosini, kande iliiva. Mama mdogo alitia chumvi, akakoroga. Hakuonja. Alisema hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kutoonja. Alifunua sufuria, akaweka upawa kando, akasema, "Mama, chakula tayari. Karibu. Hakuna anayekuharakisha." Akatoka kinyumenyume. Wakageuka wote, migongo kwa jiko, nyuso kwenye mbuga. Mchana kweupe. Swala wanakula majani kwa mbali. Upepo hakuna.

Mwanzoni hakukuwa na kitu.

Kisha upawa ukagonga sufuria.

Alikuwa anatafuna polepole. Kama mtu asiye na magego, anayesaga kwa ufizi, anapumzika, anasaga. Aliongeza. Wakasikia akijipulizia, maana ilikuwa ya moto. Swaleh alikuwa anasoma aya na ulimi wake ulikuwa unarudia neno moja tu. Mama mdogo alishika tumbo kwa mikono yote miwili.

Waitara alivua kofia yake ya mgambo.

"Shikamoo, bibi," alinong'ona.

Kutafuna kukakoma.

Walikuwa wanaisikia pumzi, nyuma yao, mlangoni sasa. Karibu sana. Ina harufu ya vitunguu. Kisha miguu, miguu ya mtu mzee asiyeinua nyayo, ikarudi ndani. Kutafuna kukaanza tena.

Salamu ile haikuitikiwa. Swaleh alisema Waitara aliingoja hadi alipozeeka.

Joram peke yake ndiye aliyegeuka. Hawakumwona akigeuka, walisikia kamba yake ya kiunoni ikisugua ukuta, na pumzi yake ikiingia, isitoke. Alichokiona sikisemi kwa sababu yeye mwenyewe hakukisema.

Sufuria ikakwanguliwa. Ikakwanguliwa chini kabisa, kwa subira, kama wanavyofanya wanawake wasiopoteza hata ukoko. Halafu kukasikika jiwe likipinduka. La pili. La tatu.

Na hapo mama mdogo alipiga ukelele, nao wakadhani ameguswa. Kweli aliguswa. Mtoto alikuwa amempiga teke, la nguvu, chini ya mbavu. Akapiga tena. Alikaa pale pale udongoni, miguu imenyooka, akacheka na kulia na kujishika tumbo.

Walipoingia sufuria ilikuwa nyeupe pe, kama haijawahi kupikiwa. Mafiga yalikuwa yamelala kifudifudi, sawasawa, kwa mkono wa mtu anayejua. Mama mdogo alisema yalikuwa makavu. Swaleh alisema yalikuwa yamemwagiwa maji na bado yanafuka. Hapo tu ndipo wanapotofautiana, na nilijaribu sana kupata mahali pengine.

Gari la mafuta lilikuja alasiri hiyo. Dereva wake alikuwa na mahindi ya kuchoma kwenye gazeti. Swaleh alikula hindi moja, akashiba, akalala papo hapo chini ya gari na kukoroma. Waitara alikula nusu, akashiba. Mama mdogo alikula mawili, ndipo akajua kwamba miguu yake imetulia. Joram alikula yaliyobaki yote, na magunzi, na alipomaliza alianza kulitazama gazeti. Swaleh alikuwa akimwona Musoma, miaka iliyofuata, mifuko imetuna karanga, anatafuna mikutanoni, anatafuna kanisani, suti inamning'inia kama iko kwenye kamba. Alikufa angali kijana, mezani, sahani iko mbele yake.

Mtoto alizaliwa mwezi wa masika, nyumbani, kwa mkunga. Sehemu hii sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, nilikuwa msichana wa sekondari niliyetumwa kupeleka unga, nikawekwa kushika beseni.

Alikuwa wa kike, mkubwa, mnene kuliko mtoto yeyote niliyemwona mwaka ule wa njaa. Hakulia. Alifumbua macho akatutazama mmoja mmoja, kama mgeni aliyefika nyumba aliyoelekezwa. Mama mkwe alipiga vigelegele hadi majirani wa mbali wakaja, na yule binti wa watu akaacha kuulizwa hali ya wazazi wake. Mama mdogo aliweka titi mdomoni mwa mtoto. Mtoto aligeuza uso. Akawekewa tena, akageuza tena, bila hasira, kwa adabu.

"Ameshiba," mkunga akasema, akicheka. Halafu akaacha kucheka.

Nilikuwa namwosha. Nilikunjua kiganja chake kidogo ndani ya beseni ili nitoe ule ute wa kuzaliwa, nikaona kucha. Zilikuwa ndefu kiasi, laini kama ganda la kitunguu. Chini yake, katika kila kidole, kulikuwa na mstari mweusi. Nilidhani damu. Nikasugua, maji yakageuka kijivu, na ikatoka ile harufu ambayo kila mwanamke wa nchi hii anaijua usingizini. Masizi.

Mkunga aliyamwaga maji nje mwenyewe. Hakunitazama. "Uliona nini?" aliniuliza mlangoni, kwa kunong'ona.

"Uchafu," nilisema.

"Uchafu," akakubali.

Wakamwita Efrazia. Leo ni mwalimu Tarime, mcheshi, mwenye afya, hajaugua hata malaria ya maana. Mama mdogo alikata kucha zile kila wiki hadi mtoto alipoweza kuzikata mwenyewe. Sasa anazipaka rangi nyekundu, nene, mara mbili mbili, na walimu wenzake wanamtania kwamba anasubiri mchumba.

Krismasi iliyopita tulikaa meza moja. Rangi ilikuwa imebanduka kidogo kwenye kidole gumba. Aliniona ninaangalia. Nimesoma sana, nina nadharia za kutosha, na sikuwa na hata moja ya kuiweka mezani pale. Mdogo wangu alikiingiza kidole mdomoni, taratibu, akakilamba kikawa safi, akanitabasamia, akaendelea kula.